Kivuli cha Herufi: Uundaji wa Maandishi yenye Vipimo Vitatu na Hatima ya Maana katika Bango la Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili wa leo hutakiwa kufanya kazi ambazo watangulizi wake waliwaachia wapiga chapa. Chama kinapoandaa kongamano, tamasha la ushairi au uzinduzi wa jarida, mara nyingi ni mwanachama mmoja mwenye tarakilishi anayekabidhiwa jukumu la kutengeneza bango na jalada. Jambo la kwanza analolitamani ni kuyafanya maandishi yaonekane kana kwamba yanatoka ukurasani: herufi nene zenye ubavu, ukingo unaong'aa na kivuli kinachoanguka nyuma yake. Matokeo yake huvutia macho. Hata hivyo, si nadra kukuta bango la chama cha Kiswahili likisomeka kwa shida kuliko tangazo la duka la simu lililobandikwa kando yake.

Makala haya yanafafanua jinsi athari ya vipimo vitatu inavyoundwa katika programu za kuhariri picha. Aidha, yanadai kwamba katika Kiswahili kila uamuzi kuhusu kina, mwanga na kivuli cha herufi ni uamuzi wa kiothografia pia, kwa maana unaweza kuihifadhi alama inayobeba maana au kuimeza. Programu itakayorejelewa zaidi ni GIMP, iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kutolewa kwa umma mwaka wa 1996. Programu hiyo ni huria na haina malipo, sababu ambayo kwa mwanafunzi haihitaji kutetewa. Photoshop itatajwa pale historia inapolazimu.

Vipimo vitatu au pande tatu?

Kabla ya kushika kipanya ni vyema istilahi zitengenezwe. Baadhi ya watumiaji husema maandishi ya "pande tatu". Istilahi hii inapotosha. Katika hisabati ya shule za msingi, upande ni mstari unaolifunga umbo. Pembetatu ina pande tatu, nayo imelala bapa kabisa kwenye karatasi. Mchemraba, ambao kweli una kina, una nyuso sita. Kinachozungumziwa hapa ni urefu, upana na kina, yaani vipimo vitatu, na kwa herufi iliyochapishwa kipimo cha tatu ni cha kudhaniwa tu.

Herufi ya namna hii ina sehemu tatu ambazo Kiswahili kinazitaja bila taabu. Sehemu inayomtazama msomaji ni uso. Unene unaoonekana pembeni ni ubavu. Giza linaloanguka juu ya kitu kilicho nyuma ni kivuli. Ukingo uliokatwa kwa kuinama kati ya uso na ubavu seremala yeyote atauita mshazari. Herufi iliyovimba kuelekea kwa msomaji ina mbinuko na iliyodidimia ina mbonyeo, istilahi zilezile ambazo mwalimu wa fizikia hutumia kuainisha lenzi. Kwa hiyo hakuna sababu ya kukimbilia mkopo kila mara menyu ya programu inapotaja kitu kigeni. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004, ulikwisha kuonyesha kuwa menyu za tarakilishi zinaweza kusema Kiswahili. Pikseli na fonti ziachwe zilivyo. Zimekwisha kuzoeleka na hazimzuii msomaji.

Jua la alasiri ndani ya tarakilishi

Herufi zenye kivuli hazikuzaliwa na tarakilishi. Mwanzoni mwa karne ya 19 waundaji wa herufi za chapa mjini London, akiwemo Vincent Figgins, walikuwa tayari wakiuza herufi zenye kivuli kwa ajili ya matangazo ya biashara. Katika Pwani ya Afrika Mashariki herufi zenye kina cha kweli ni kongwe zaidi: maandishi ya Kikufi katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 BK. Mafundi wa nakshi za milango ya Lamu nao huchimba usuli kwa patasi ili ua au jani libaki limeinuka.

Tofauti kati ya fundi huyo na mhariri wa picha ni ya msingi. Fundi huunda kina na kuliachia jua kazi ya kivuli, nacho kivuli hubadilika tangu asubuhi hadi magharibi. Mhariri wa picha hana kina chochote. Anachora kivuli, kisha macho ya msomaji humbunia kina. Mwaka wa 1978 James Blinn aliieleza mbinu ambayo vichujio vingi vya mbinuko bado vinaitegemea: uso wa umbo hausogezwi hata kidogo, ila mwelekeo wake wa kudhaniwa hubadilishwa wakati wa kukokotoa mwanga, na baadhi ya sehemu zikang'aa huku nyingine zikitiwa giza.

Je, kwa nini macho hukubali hila hii? Mwaka wa 1988 mwanasaikolojia V. S. Ramachandran alionyesha kwamba duara lililong'aa juu na kutiwa giza chini huonekana kama limebinuka, na picha ileile ikipinduliwa duara huonekana kama shimo. Ubongo huchukulia kuwa mwanga hutoka juu. Mwaka wa 1998 Jennifer Sun na Pietro Perona waliongeza kwamba watazamaji wengi hudhani mwanga unatoka juu na kushoto kidogo. Mwanga wa kuanzia katika kichujio cha mbinuko cha GIMP nao huwekwa kwenye digrii 135, yaani kona ya juu kushoto. Anayeuhamishia chini kwa kutafuta upya atashangaa kuona herufi zake zikigeuka mifereji.

Kipimo cha pili cha mwanga ni mwinuko wake juu ya ukurasa, na hapa msomaji wa Kiswahili ana maarifa yaliyotangulia programu. Machi na Septemba, katika maeneo kama Nanyuki na Maseno ambako ikweta hupita, jua la adhuhuri husimama utosini na kivuli cha mtu hujificha chini ya nyayo zake. Mwanga wa digrii 90 katika programu ni jua hilo: hakuna kivuli wala ubavu unaotofautiana na mwingine, na herufi hurudi kuwa bapa. Wakati wa Alasiri, kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani, huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wa kitu chenyewe, bila kuhesabu kivuli kilichokuwapo adhuhuri. Siku ambayo adhuhuri haikuacha kivuli, hali hiyo hutokea jua likiwa kwenye digrii 45, takriban saa tisa. Digrii 45 ndio mwinuko ambao GIMP huanza nao.

Ulinganifu huu unatoa kanuni inayotumika moja kwa moja. Ikiwa mwanga uko kwenye digrii 45, herufi yenye unene wa pikseli 24 inapaswa kutupa kivuli cha pikseli 24 kwenye ukuta ulio nyuma yake. Mwanga ukishushwa hadi digrii 10, kivuli hurefuka zaidi ya mara tano ya unene, kama vivuli vya minazi jua linapokaribia kuchwa. Mabango mengi huchanganya nyakati hizi bila kujua: mshazari una mwanga wa alasiri ilhali kivuli ni cha magharibi. Mtazamaji hawezi kulitaja kosa, lakini huhisi kuwa kuna jambo lisilokaa sawa.

Hatua za kazi

Kazi huanza kwa kuamua ukubwa wa mwisho. Vivuli na ukungu hupimwa kwa pikseli, hivyo athari iliyopendeza kwenye picha ndogo hupotea au kuharibika picha inapokuzwa. Karatasi ya A3 kwa pikseli 300 kwa kila inchi huhitaji picha ya pikseli 3508 kwa 4961. Kwa zoezi hili yatosha ukurasa wa pikseli 1600 kwa 700 wenye usuli wa kijivu hafifu.

Neno huandikwa kwa fonti nene isiyo na vikia, kimo cha pikseli 300. Rangi ya uso iwe ya kati, kama vile machungwa au buluu isiyokoza. Uso mweupe hauna nafasi ya kung'aa zaidi, na uso mweusi hauna nafasi ya kutiwa giza. Herufi za namna hiyo hupoteza mshazari wake hata kama hesabu zote ni sahihi. Neno likishaandikwa, tabaka lake linakiliwa. Tabaka la asili hufichwa bila kuguswa, kwa sababu likishageuzwa picha ya kawaida tahajia yake haiwezi tena kusahihishwa kwa kibodi. Hili ni jambo dogo ambalo limewakesha wengi usiku wa kuamkia kongamano.

Ubavu huundwa kwa kurudia. Nakala ya neno hupakwa rangi ileile iliyokozwa hadi nusu ya mng'ao wake, huwekwa chini ya uso, na kusogezwa pikseli moja kulia na moja chini. Nakala ya pili husogezwa mbili, ya tatu tatu, hadi zifike 24, kisha zote huunganishwa kuwa tabaka moja. Toleo la GIMP 2.10, lililotolewa mwaka wa 2018, lina kichujio cha kivuli kirefu kinachofanya kazi hii kwa mkupuo mmoja, lakini ni heri mwanafunzi aifanye kwa mkono angalau mara moja. Atakayeona nakala 24 zikigeuka kuwa unene ataelewa kwamba ubavu si kitu ila ni njia iliyopitwa na uso ulipokuwa ukirudi nyuma.

Mshazari huhitaji ramani ya miinuko. Hii ni picha nyingine ya neno lilelile, nyeupe juu ya nyeusi, iliyotiwa ukungu wa takriban pikseli 8. Kichujio husoma weupe kama mlima, weusi kama bonde na kijivu kama mteremko, kisha hukokotoa mwanga juu ya uso wa herufi. Ukungu usizidi nusu ya unene wa mstari wa herufi. Ukizidi, uwanda wa juu hutoweka na herufi yote huumuka kama andazi.

Kivuli huja mwisho na hukaa chini ya matabaka yote ya neno: umbo jeusi lililotiwa ukungu wa pikseli 12, uangavu nusu, likaanguka kulia na chini, upande ulio kinyume na mwanga. Kwa kuwa ubavu nao unaelekea kulia chini, kivuli kianzie pale ubavu unapoishia. Kikianzia usoni hufichwa chote na ubavu.

Wenye Photoshop hupewa mengi ya haya yakiwa tayari. Programu hiyo ya ndugu Thomas na John Knoll ilitolewa mwaka wa 1990, ikapata matabaka mwaka wa 1994 na athari za tabaka mwaka wa 1998. Mwaka wa 2007 iliongezewa uwezo wa kushughulikia maumbo yenye vipimo vitatu vya kweli, lakini kuanzia 2021 uwezo huo ulianza kuondolewa. Mbinu ya matabaka, iliyoonekana ya kizamani, imeishi kuliko iliyokusudiwa kuirithi.

Ritifaa na matundu ya herufi

Mpaka hapa hakuna kilichosemwa ambacho hakingeweza kusemwa kuhusu lugha yoyote. Tatizo la Kiswahili hujitokeza pale ubavu unapokutana na tahajia.

Chukuliwe bango la kubuni lenye wito TUNG'OE UFISADI. Ritifaa katika ng' si pambo. Ndiyo inayoonyesha kwamba sauti inayotamkwa ni nazali moja ya kaakaa laini, wala si nazali ikifuatwa na kipasuo. Bila alama hiyo, ng'oa, kitenzi cha kuondoa mti pamoja na mizizi yake, hugeuka ngoa, nomino yenye maana ya wivu au tamaa. Katika herufi kubwa zenye kimo cha pikseli 300, pengo kati ya G na ritifaa linaweza kuwa la pikseli 15 tu. Ubavu wa pikseli 24 unaotoka kwenye G huliziba pengo hilo lote, na ubavu wa ritifaa nao huifikia O. Kinachobaki ni kibonge cheusi juu ya O, na msomaji anayepita kwa haraka hudhani ni sehemu ya pambo. Bango linalotaka ufisadi ung'olewe humwachia neno ambalo huenda hata hakulikusudia.

Programu haiwezi kulaumiwa. Haikuambiwa kwamba alama hiyo ndogo ina hadhi sawa na herufi. Katika lugha ambamo ritifaa huonyesha tu kuwa herufi imedondoshwa, kupotea kwake mara nyingi ni uchafu wa kuvumilika. Anayeitengeneza athari kwa Kiswahili hana budi kuyapanua mapengo ya pande zote mbili za ritifaa kabla ya kuanza kunakili matabaka, mpaka kila pengo lizidi kina cha ubavu. Kwa ubavu wa pikseli 24, pengo la 36 linatosha. Suluhisho jingine, na pengine lililo bora, ni kutumia herufi ndogo. Katika ng'oe iliyoandikwa kwa herufi ndogo, mwili wa g na o ni mfupi na ritifaa husimama peke yake juu ya jirani zake, mahali ambapo ubavu wa g hauifikii. Herufi kubwa huibana ritifaa kati ya kuta mbili. Mazoea ya kuandika kila kichwa cha bango kwa herufi kubwa yanastahili kuhojiwa kwa sababu hii pekee. Vilevile ihakikishwe kwamba programu haikuigeuza ritifaa kuwa alama ya kufungulia usemi, ambayo mkia wake huelekea upande usiofaa.

Tatizo la pili linatokana na muundo wa silabi. Kwa kuwa silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, a, e na o hujirudia mno katika mstari mmoja, nazo ni herufi zenye tundu ndani yake. Tundu la o lenye upana wa pikseli 60 hubakiwa na 36 baada ya ubavu wa 24 kuingia. Tundu la juu la e, ambalo huweza kuwa na kimo cha pikseli 30 tu, hubakiwa na sita, na ukungu wa kivuli hulimalizia. Katika neno kama elekezaneni, lenye e nne, hasara hujilimbikiza. Kanuni inayofaa ni kupima tundu dogo kuliko yote katika neno zima na kuuacha ubavu usizidi nusu yake. Kwa mfano huo ubavu ungekuwa wa pikseli 15. Ni ubavu mfupi kuliko unaotamaniwa na wengi, lakini kina huonekana hata hivyo, mradi mwanga uwe mmoja.

Urefu wa maneno nao huchangia. Lugha ambishi bainishi huweza kuweka sentensi nzima katika neno moja, na mbunifu hujikuta akiyabana maneno kwa fonti nyembamba ili yaenee katika mstari. Fonti nyembamba ina matundu membamba. Neno refu likihitaji ubavu, ni afadhali likatwe kwa mujibu wa silabi katika mistari miwili, au lipewe kivuli pekee.

Maandishi ya hati ya Kiarabu

Wanaotengeneza majalada ya matoleo ya tenzi za kale mara nyingine hutaka kichwa kiandikwe kwa hati ya Kiarabu, jinsi kilivyo katika miswada. Hapa uangalifu huongezeka maradufu. Katikati ya neno ba, ta, tha, nun na ya huandikwa kwa jino lilelile, na kinachozitofautisha ni idadi ya nukta na mahali pa nukta hizo. Kivuli chenye kingo kali cha nukta moja ya nun huweza kudhaniwa kuwa nukta ya pili, na nun ikasomwa ta. Kwa hiyo kivuli cha nukta kitiwe ukungu mwingi kuliko cha mwili wa herufi, au kiondolewe kabisa, na nukta ziachwe na uso tu. Isitoshe, neno lote lishughulikiwe kama umbo moja. Herufi zikitengwa katika matabaka mbalimbali, kila moja hupata mshazari wake mwenyewe na maungio huonekana kama nyufa.

Kabla ya kuchapa

Skrini hudanganya. Hutoa mwanga wake yenyewe na kuzifanya rangi mbili zinazokaribiana zionekane mbalimbali, ilhali wino hufifisha tofauti hiyo, na mashine ya kurudufu ya chuoni huifuta. Uso wa machungwa na ubavu wa kahawia, vinavyopendeza kwenye skrini, huweza kutoka kama kijivu kimoja. Picha igeuzwe kuwa ya nyeusi na nyeupe ndani ya programu, na uso ukishindwa kutofautiana na ubavu, ubavu ukozwe. Baada ya hapo nakala moja ichapwe na kubandikwa mwisho wa ukumbi, kisha mtu asiyejua kilichoandikwa aombwe asome kwa sauti akiwa mlangoni. Akisema "tungoe", nakala za ubavu zipunguzwe kutoka 24 hadi 16, nafasi ya ritifaa iongezwe, na msomaji mwingine atafutwe, kwa sababu huyo wa kwanza ameshajua jibu.